Chokaa ya Larkbank

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mwenyewe, kwa sababu mji mzima wa Netherclough unalijua, na nikinyamaza mtasimuliwa na watu wasiojua hata ndoo ilikuwa ya nani. Ndoo ilikuwa yangu. Brashi pia yangu. Na wazo lenyewe, hilo ndilo langu kabisa.

Mwaka ule, 1988, ilikuja barua kutoka London kwamba mkaguzi wa majengo ya kale atafika Alhamisi saa nne asubuhi kuangalia kiwanda chetu cha Larkbank. Kiwanda cha kufuma pamba hicho, kimejengwa 1876, Malkia Victoria yuko kwenye kiti chake na hana haraka ya kuondoka. Mkaguzi akikipenda, kitaingia katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, na hapo hata mfalme hawezi kung'oa tofali. Asipokipenda, wabomoaji wanaingia tarehe mosi. Baraza la mji lilishakubali pawe duka kubwa na mahali pa kuegesha magari. Magari! Netherclough nzima ukiyakusanya magari yake hayajazi uwanja wa kanisa.

Mimi ni Annis Catlow. Niliingia Larkbank nina miaka kumi na minne, nikatoka nina hamsini na tisa, siku waliyozima mashine. Mashine zangu nne zilitazamana na nne za Hettie Sagar miaka yote hiyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, sikumtazama usoni kiasi nilivyomtazama Hettie.

Na mle ndani mtu unamtazama kweli. Mashine mia nane zikianza kufuma pamoja, ukipiga yowe hujisikii mwenyewe. Kwa hiyo tulisema kwa midomo. Unauvuta mdomo, unaupanua, unanyanyua nyusi, sauti hutoi hata kidogo, na mwenzako hatua sitini mbele anakupata neno kwa neno. Mambo yote ya mji yalipita hewani mle, nani kaposwa, nani kafumaniwa, nani kaweka viazi vingi kwenye pai na nyama kiduchu. Palikuwa na adabu moja tu: ukiona wawili wana lao la siri, unageuka, unawapa mgongo. Mimi adabu hiyo sikuwa nayo. Nakiri. Waliniita Gazeti.

Hettie masikio yalimwishia kabla hajafika hamsini. Mashine ziliyala. Watu wa nje humpigia makelele kama vile yuko ng'ambo ya mto, naye huwatazama tu kwa huruma. Sisi wafumaji ndio tuliobaki kuzungumza naye kama binadamu.

Basi barua ilipofika nikawaita wenzangu wanne pale kanisani. Hettie hakuwepo, alikuwa kwa dada yake mjini Morecambe mpaka Alhamisi.

"Mgeni anakuja," nikasema. "Mmeiona hali ya mle ndani?"

"Annis, jengo limefungwa miaka tisa," akasema Minnie Ormerod, ambaye ni mvivu tangu kuzaliwa. "Mkaguzi anakuja kuona vya zamani. Hata uchafu si ni wa zamani?"

"Uchafu ni uchafu! Mama yako angekusikia angekutandika na tambara la sakafu."

Akashika ndoo, kwa kuwa ni kweli. Kwetu mwanamke hupimwa kwa kizingiti chake. Mama zetu walipiga magoti kila Ijumaa, wakasugua vizingiti kwa jiwe mpaka vikawa na rangi ya maziwa, na aliyeacha chake siku mbili alisemwa mpaka alipohama. Sasa mtu anatoka London anaingia kwetu, akute utandu wa buibui?

Jumanne na Jumatano tulisugua. Magoti yangu yaliniapiza. Mashine zilishauzwa zote; sakafu ya ukumbi ule ni vibamba vya mawe, na juu yake palikuwa na tabaka la mafuta na vumbi la pamba lililogandamana miaka mia na kumi na miwili, jeusi, nene kama keki iliyoungua. Tulilikwangua kwa majembe ya mkaa, tukamwaga maji ya magadi, tukasugua kibamba kwa kibamba. Jumatano mchana mawe yakawa na rangi ya asali. Nilisimama nikayatazama, machozi yakanitoka, nikamwambia Minnie ni magadi.

Hapo ndipo ningepaswa kurudi nyumbani nikalale. Lakini nikauona ule ukuta.

Kila mwaka, wiki ya likizo, wanaume walipaka chokaa kuta zote za ndani. Ilikuwa sheria. Lakini kando ya mlango wa mashariki waliacha kipande, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, hawakukigusa kamwe. Miaka na miaka nilidhani ni uvivu wao. Kipande chote kimejaa maandishi ya kalamu ya risasi: majina, tarehe, magoli ya mpira, picha ya meneja ana masikio ya punda, na neno moja ambalo mchungaji akiliona atazimia. Nikasema, hili nalo mgeni alione? Aka! Nikachanganya chokaa, nikapaka. Nikangoja ikauke, nikapaka tena.

Kikawa cheupe pee. Nikajisifu njia nzima mpaka nyumbani.

Alhamisi mvua ilinyesha, kama kawaida yake kukiwa na jambo. Hettie aliteremka basi la saa tatu, akaja moja kwa moja Larkbank na mkoba wake mkononi. Tulikuwa mimi na yeye tu, wenzetu walikwenda kuandaa chai. Aliingia, akatazama sakafu, akacheka kwa furaha. Halafu akaelekea mlango wa mashariki, akasimama mbele ya ule ukuta mweupe. Alisimama mno. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Nani kapaka?" akauliza kwa midomo.

"Mimi," nikamjibu vilevile. "Mara mbili. Pamependeza, siyo?"

"Harold alikuwa hapa."

"Harold gani?" Mjinga mimi.

"Annis. Niliwahi kuwa na Harold wangapi?"

Harold Pickup, fundi wa mashine, mrefu, mwenye masikio yaliyojitokeza. Alimposa Hettie, akaenda vitani na jeshi la majini, meli yake ikazama 1941. Haikurudi hata kofia yake. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba Jumamosi kabla ya kuondoka aliandika pale ukutani, usawa wa bega, tofali la tatu toka mlangoni, jina lake, la Hettie, na maneno mengine machache.

"Wapaka chokaa walijua," akasema Hettie. "Ndiyo maana hawakugusa. Aliyekufa hapakwi, ndivyo walivyoelezana, na kila kijana mpya aliambiwa. Kaburi hana, Annis. Mimi huja hapa. Tangu pafungwe, mlinzi hunifungulia kila mwezi."

Na mimi Gazeti, ninayejua mpaka rangi ya soksi za mchungaji, miaka yote hiyo sikujua.

"Hettie," nikasema, "Hettie, mwenzangu, nisamehe." Midomo ilinitetemeka hata sijui kama alinisoma. Akanitazama, halafu akanipa mgongo. Na mtu asiyesikia akikupa mgongo amekufungia mlango.

Saa nne kamili mkaguzi akaingia. Nilitarajia bwana mzee mwenye mwavuli. Akawa binti wa miaka thelathini hivi, Miss Averill, mabuti mekundu ya mpira, nywele zinadondosha maji. Nyuma yake akaja Edgar Threlfall wa baraza la mji, ndiye aliyelitaka lile duka. Edgar nimemfuta kamasi akiwa mdogo.

"Shikamoo, Bibi Catlow," akasema Edgar.

"Marahaba. Futa miguu."

Akafuta. Yule binti alikwisha kuinua kichwa, anatazama paa letu kinywa wazi. Na paa letu ni la kutazamwa: meno ya msumeno mstari baada ya mstari, kila jino lina vioo upande mmoja tu, wa kaskazini, ili mwanga uingie na jua lisiingie. Mwanga mmoja asubuhi mpaka jioni, hauna kivuli, uzi ukikatika unauona. Chini yake nguzo nyembamba za chuma zimesimama kama wanakwaya, na vioo viwili vitatu vimevunjika, mvua inadondoka kwa adabu.

"Pazuri mno," akasema. Nikampenda papo hapo. Halafu akatoa picha mfukoni. "Nimepata hii maktaba yenu. Ukuta wenye maandishi ya wafanyakazi. Ni kitu adimu sana, ndicho hasa kilichonileta. Uko wapi?"

Jamani. Ningeweza kujitia kiziwi mimi.

"Ulikuwa pale," nikasema. "Nimeupaka jana."

Edgar alikohoa, nikajua anameza kicheko. Binti akaenda, akakwangua kidogo kwa ukucha, akatikisa kichwa. Alipoona Hettie anamtazama midomo, akajigeuza amwelekee vizuri, tena bila kupiga kelele. Hilo nalo nililiweka moyoni.

"Chokaa haifuti," akamwambia. "Inaficha tu. Maandishi yapo chini yake, mazima."

Hettie akaweka kiganja ukutani. "Yanaweza kutolewa?" akauliza kwa sauti yake ile ya ndani, isiyotumika.

"Kwa miezi, na mtu mwenye kisu kidogo na subira kubwa. Lakini ripoti yangu inatakiwa Jumatatu. Siwezi kuandika kwamba kuna kitu nisichokiona."

Basi mnaielewa hali. Harold yumo, mzima, chini ya chokaa yangu. Na tarehe mosi ukuta wote unaangushwa chini, yeye ndani yake, kwa sababu Annis Catlow alitaka kusifiwa na mtu wa London.

Edgar na yule binti wakasogea mpaka mwisho wa ukumbi, hatua hamsini na zaidi, wakanong'ona. Walidhani wako faraghani. Nikasoma.

"Naona huruma," alikuwa akisema Miss Averill, "lakini kumbi za namna hii wilaya hii ninazo thelathini. Paa zilezile, nguzo zilezile. Ule ukuta ndio ungeutofautisha huu. Sasa sina hoja."

"Na sakafu nayo imeharibika," akasema Edgar. "Imebonyeabonyea yote. Tazama maji yalivyotuama."

Hettie naye alikuwa akisoma. Niliona mabega yake yakishuka. Hasira ikanipanda toka kwenye vidole vya miguu.

"Edgar Threlfall!" nikapaza, ukumbi ukaitikia. "Sakafu imeharibika? Sakafu? Hebu rudia hilo ukinitazama!"

Wakaruka wote wawili. "Umesikia kutoka huko?" akauliza binti.

"Sikusikia, binti yangu, nimeona. Sisi hapa tunasikia kwa macho. Hoja huna? Njoo nikupe hoja."

Akaja mbiombio, mabuti yanalia. Nikamwonyesha maji ya mvua chini. Yalikuwa yametuama kwenye vibamba, lakini si ovyo. Yalitulia katika vishimo viwiliviwili, vya ukubwa wa mguu, kimoja kando ya kingine, halafu hatua chache mbele viwili tena, halafu viwili tena, mistari kwa mistari mpaka ukutani. Wakati ule ndipo na mimi niliviona sawasawa. Miaka yote vilikuwa vimezibwa na ule uchafu.

"Hii ni miguu," nikasema. "Tulivaa viatu vya mbao vyenye chuma chini. Mtu mmoja, mashine nne, anasimama hapo hapo, anageuka hapo hapo, saa kumi kwa siku. Akizeeka anaingia binti yake, anakanyaga palepale. Hapa mimi. Kabla yangu mama. Pale mbele, Hettie."

Binti alipiga magoti kwenye maji, suruali yote ikalowa, akatia kiganja katika kishimo cha mama yangu.

"Na wewe, Edgar, uliposimama ni pa nani?"

Edgar akatazama chini.

"Tazama vizuri. Cha kulia kimechimbika zaidi kuliko cha kushoto. Nani aliyekuwa na nyonga mbovu, akiegemea mguu wa kulia?"

Masikio yake yakawa mekundu. "Mama," akasema.

"Clara Threlfall, miaka thelathini na mmoja, akusomeshe wewe uje utuletee maegesho ya magari."

Akautoa mguu wake mle taratibu, akasimama pembeni, kofia mkononi. Sina uhakika kama aliivua wakati ule au alikuwa ameivua kabla. Mimi nasema aliivua wakati ule.

"Bibi Catlow," akasema Miss Averill, bado yuko chini, "kumbi zote nilizokagua sakafu zimemwagiwa zege au zimezikwa na uchafu. Hii sijawahi kuiona. Nani aliyeisafisha?"

"Mimi tena," nikasema. "Leo nimeshtakiwa mara mbili."

Alicheka, akaomba tusimame mahali petu. Nikasimama katika vishimo vyangu, na nawaambia, miguu ilipajua. Hettie alisitasita. Halafu akaja, akasimama pake, tukatazamana kama siku zote. Alikuwa bado hajanisamehe, uso ulikuwa umekaza.

"Semeni kitu," akasema binti, kamera mkononi. "Kama zamani."

Nikauvuta mdomo. "Hettie, mimi ni punda."

"Punda hapaki chokaa," akajibu.

"Nilitaka pawe safi."

"Najua. Tangu nikujue unasugua visivyosuguliwa." Kisha pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo. "Mara mbili, Annis? Moja haikukutosha?"

Nikacheka nikalia, vyote pamoja. Binti hakuelewa hata neno, lakini alipiga picha, akapima, akahesabu vishimo jozi mia na tisini na nane, akaandika mpaka kalamu ikamwishia wino. Edgar akampa yake. Nasema haki, Edgar akampa yake.

Ilipofika saa sita alifunga daftari. Nikamshika mkono. "Niambie, mpenzi. Kinasimama au hakisimami?" Kwetu kila mtu mpenzi, hata muuza samaki.

Akamtazama Edgar, akanitazama mimi. "Siruhusiwi kusema. Ninachopendekeza ni siri mpaka waziri atie sahihi. Itakuja barua, wiki mbili hivi. Sheria ni sheria, samahani sana."

Wiki mbili! Hettie angekwisha kuwa mavumbi kwa kungoja. Wakaondoka kwa mlango wa magharibi, Edgar mbele akifungua mwavuli. Nikabaki nimesimama na Hettie mwisho wa pili wa ukumbi, moyo mzito.

Kule mlangoni Miss Averill akasimama. Alimwacha Edgar atoke kwanza. Kisha akageuka kututazama, akapanua mdomo. Loo, alipanua vibaya, kama samaki juu ya meza, meno yote nje, na nyusi zinapanda zisipotakiwa. Sauti hakutoa hata chembe. Lakini mfumaji wa Larkbank amesoma midomo ya watu wenye mafua, wenye kutafuna, na wasio na meno kabisa.

*Kitasimama. Chote. Na ukuta.*

Akajifunika kofia ya koti, akatoka mvuani kama mtu asiyesema lolote.

"Umesoma nilichosoma?" nikamuuliza Hettie.

Alishaondoka kando yangu, anakwenda kwenye mlango wa mashariki, anahesabu matofali kwa kidole: moja, mawili, matatu. Akaweka kiganja juu ya chokaa yangu, usawa wa bega, akasogeza uso karibu kabisa na ukuta. Nikaona midomo yake inaanza kutembea, taratibu, kama tunavyosema sisi. Alikuwa akimwambia Harold.

Neno la kwanza nililisoma, kwa mazoea. Lilikuwa jina lake. Halafu mimi, Annis Catlow, Gazeti la Larkbank, kwa mara ya kwanza maishani nikageuka, nikawapa mgongo.